Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Juni 16

Leo wamefunga geti la msitu. Mpaka Septemba 15 hakuna gari litakalopandisha watalii mlima wa Sandakphu. Landrova zote za hapa Manebhanjan zimeteremka na kujipanga kando ya barabara kama mbuzi walionyeshewa na mvua, na sasa ndiyo zamu yetu mafundi.

Daftari hili si langu. Ni la fundi wangu, Harkaman Rai, aliyefariki mwaka jana msimu kama huu. Kwa miaka kumi na tisa aliandika humu kila dramu ya breki aliyoifungua, na lilining'inia msumarini hapa gereji ili dereva yeyote asome gari lake limefanywa nini. Ukurasa wake wa mwisho ni wa gari lake mwenyewe, Namba Tisa: "Kulia nyuma: imekwisha. Kushoto nyuma:" Kisha hakuna neno. Nimeruka ukurasa mmoja nikaanza kuandika ya kwangu. Sitaliangika msumarini kwa sasa.

Juni 18

Shemeji Pabitra, mjane wa Harkaman, amekuja na chupa ya chai ya chumvi. Akamimina vikombe viwili, akangoja mpaka changu kikaisha. Namjua. Akikunywesha kwanza, jua kuna mzigo unakuja.

"Norden, nataka Namba Tisa ipande siku ya kwanza."

"Nani ataiendesha?"

"Mimi."

"Shemeji, njia ile..."

"Mgongo ulipokuwa ukimuuma Harkaman, nani alikuwa akiishusha kutoka Tumling huko juu? Wewe?"

Chama cha madereva kimemshikia zamu yake ya tisa ya kupanda mwaka mzima kwa heshima ya msiba. Lakini gari lisipofaulu ukaguzi wa breki Septemba 15, zamu inakwenda kwa mwingine, na yeye atabaki na chuma cha mwaka 1954 bandani. Zamani alikuwa anatengeneza jibini na kuiuza, sasa ameacha. Hana kitu kingine. Na mafundi wote wa hapa wamekataa kugusa magurudumu ya nyuma ya gari lile. Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Juni 21

Mzee Gyalbu, mwenyekiti wa madereva, amepita kuona nafanya nini. Yeye hapiti mahali bila kuacha maneno.

"Mpwa wangu, nasikia umekubali kumfufua muuaji."

"Gari haliui, mjomba."

"Ndiyo, watu ndio wanajiua. Basi nawe usiache jiwe mlimani."

Ni msemo wao wa tangu mwaka jana. Dereva akisahau ufunguo au abiria, wenzake humwambia, "Umeacha jiwe mlimani." Wote wanacheka. Mimi pia nimewahi kucheka, nami naona aibu kuliandika hilo.

Juni 23

Mvua.

Juni 24

Mvua. Ruba watatu ndani ya kiatu kimoja.

Juni 27

Naandika haya kwa atakayesoma naye si mtu wa gari. Handbreki ya Landrova hizi za zamani haishiki magurudumu. Inashika propela, ile fimbo ya chuma inayozungusha ekseli ya nyuma. Magurudumu yote yakiwa chini, inang'ang'ania kama ruba. Lakini inua gurudumu moja tu la nyuma kwa jeki, na difu, zile gia za katikati ya ekseli, linaliachia lile lililo hewani lizunguke, na mwenzake aliye chini anakuwa huru pia. Handbreki umeivuta mpaka mwisho, na gari linakwenda zake.

Ndiyo maana hapa kila gari lina jiwe lake la kuwekwa nyuma ya gurudumu. Ukinunua gari unashuka kijitoni kulichagulia, na Septemba 17, sikukuu ya mafundi na vyombo vyao, jiwe nalo linapakwa tika, rangi nyekundu ya baraka, pamoja na spana na usukani. Jiwe la gari la mwenzio haliazimwi. Afadhali umwazime mswaki.

Jiwe la Namba Tisa lilikuwa la kijivu, ukubwa wa kichwa cha ndama, na mshipa mweupe umelizunguka pande zote. Kabla hajaingia chini ya gari, Harkaman alikuwa akiligonga mara mbili kwa spana, tin-tin, na soko zima lilijua kazi imeanza.

Juni 30

Leo umetimia mwaka. Nitaandika mara moja nisirudie.

Siku moja kabla, shemeji Pabitra alikuwa anatengeneza chhurpi, ile jibini yetu ngumu ya kutafuna. Maziwa yaliyoganda hufungwa kwenye kitambaa, kisha hukandamizwa kwa kitu kizito mpaka maji yote yatoke. Akaniita kutoka jikoni, "Norden, nitafutie jiwe zito." Mvua ilikuwa inanyesha na kijito kiko mbali. Jiwe la Namba Tisa lilikuwa pale pale mlangoni, na gari limesimama kwa magurudumu yake yote manne. Nikalibeba nikalitua juu ya jibini. Nikasema moyoni, asubuhi nitalirudisha kabla fundi hajaanza kazi.

Asubuhi nikapitia mkahawani kwanza. Ukungu ulikuwa mzito, mtu haoni ng'ambo ya barabara. Nikasikia kutoka gereji: du-du. Haikuwa tin-tin. Fundi alikuwa amegonga gogo la kuni aliloliweka badala ya jiwe. Nilijua, na chai ilikuwa ya moto, nikasema niimalize.

Gogo lilikuwa limelowa. Gari lilirudi nyuma hatua mbili na ekseli ikamshukia kifuani.

Jiwe halikuonekana, kwa hiyo wakasema alilewa akaliacha mlimani safari ya mwisho. Mtu aliyefundisha nusu ya mafundi wa milima hii, leo anakumbukwa kwa kusahau. Nami nilisimama pale na watu wengine, kikombe bado kiko mkononi, nikanyamaza. Jioni nilichungulia jikoni kwa Pabitra. Jibini haikuwapo, jiwe halikuwapo. Sikuuliza, naye hakusema.

Julai 3

Nimeanza na gurudumu la nyuma la kulia. Breki zilizolala mwaka mzima hazifai, hata zile fundi alizozimaliza. Nikaweka vizuizi viwili vya mbao kuzuia gurudumu la kushoto, nikapiga jeki, nikasukuma kigogo chini ya ekseli kiibebe. Nati tano zikatoka bila ugomvi. Skrubu tatu za dramu zimeshika kutu, nimezimwagia mafuta ya taa zilale nayo.

Julai 4

Asubuhi nimekuta jiwe nyuma ya gurudumu la kushoto.

Vizuizi vyangu vya mbao vimesogezwa pembeni, vimepangwa sawasawa ukutani. Jiwe ni la kijivu, na lina mshipa mweupe. Paa la banda linavuja upande ule na ardhi yote imelowa, ila jiwe ni kavu. Nikaliinamia. Linanuka maziwa yaliyochacha.

Nikakaa chini kwenye matope kama mtoto.

Julai 5

Nimelitupa korongoni. Nimelisikia likigonga mara mbili huko chini.

Julai 6

Mvua. Skrubu mbili zimetoka, moja imenikatalia.

Julai 8

Skrubu ya tatu imetoka na nusu ya ngozi ya kidole changu. Dramu nayo imegoma. Kuna tundu lenye nyuzi usoni mwa dramu kwa kazi hiyo: unaingiza boliti, unaikaza kidogo kidogo, na dramu inajisukuma yenyewe itoke. Ikatoka na sauti ya mtu anayekohoa. Sili ya ekseli, ule mpira unaozuia mafuta, imepasuka, na mafuta yamelowesha shuu zote mbili zinazobana dramu.

Julai 11

Jiwe limerudi, mahali pale pale na kavu vile vile.

Gyalbu ameingia nikiwa nimelisimamia. Sasa najua silioni peke yangu.

"Jiwe zuri hilo. Linafanana na la marehemu."

"Ni la kijitoni."

"Mshipa na kila kitu," akasema, akalizunguka asiliguse. "Mpwa wangu, nakwambia kwa upendo. Mwite mganga apigepige ngoma, au nunua jiwe jingine. Moja kati ya hayo."

"Mawe yanauzwa wapi, mjomba?"

"Kwa mtu aliyeogopa kama wewe, hata mimi ningekuuzia."

Akacheka, lakini alitoka kinyumenyume.

Julai 14

Nimefikiri sana. Jiwe lile mara ya mwisho lilikuwa jikoni kwa Pabitra, na mtu wa kulirudisha ni Pabitra. Anajua ni mimi niliyelibeba, na hasemi. Ananiwekea hapo kila siku nilione. Ndiyo maana alinichagua mimi niifanye kazi hii.

Zamani nilikuwa nikimwona mpole. Leo ameniletea momo za moto, viandazi vya nyama vya mvuke, na nimekula nikitazama mikono yake.

Julai 15

Kulia nyuma: shuu mpya, bado sili. Kushoto nyuma: bado.

Julai 19

Mvua. Kushoto nyuma: bado.

Julai 20

Mvua. Kushoto nyuma: bado. Jiwe lipo. Sijalitupa tena, nimechoka kulitupa.

Julai 29

Saa sita mchana, na ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani ya banda. Taa niliiona kama kiini cha yai. Nilikuwa chini upande wa kulia nakaza bomba la mafuta ya breki. Nikasikia karibu na miguu yangu: tin-tin.

Kisha nikatoka nikitambaa kwa viwiko. Shemeji Pabitra alikuwa amesimama mlangoni, mtandio ameushika kwa mikono miwili kifuani.

"Unagonga nini?" akaniuliza.

"Mimi sijagonga."

"Nimesikia, Norden."

"Nami nimesikia, shemeji."

Tukatazamana. Hakuwa na spana mkononi. Lakini mtu anaweza kuificha spana ndani ya mtandio, na nilikuwa natazama mtandio. Naye, nakumbuka sasa, alikuwa akitazama mfuko wa suruali yangu.

Akageuka akaenda bila kusema alichofuata.

Agosti 2

Kulia nyuma: imekwisha. Nimezungusha gurudumu kwa mkono, linateleza vizuri na linashika vizuri. Nimelirudisha, nimelishusha chini. Kushoto nyuma: bado.

Agosti 6

Mvua imekata barabara ya Sukhia. Hakuna mboga sokoni. Kushoto nyuma: bado.

Agosti 9

Gyalbu ameleta shuu mbili zilizofungwa kwenye gazeti. Lainingi zake, zile pedi zinazosugua dramu, ni mpya, zimepigwa ribiti vizuri kabisa.

"Hizi ni za gari langu. Weka kushoto kwa Harkaman."

"Na gari lako?"

"La kwangu nitazingoja za kutoka mjini Siliguri. Mimi nina zamu ya kwanza na wanangu wawili. Yule mama ana nini?" Akakaa kwenye tairi, akavua kofia, akaikamua maji. Nilimngoja atanie, hakutania.

"Mimi ndiye wa kwanza kusema alilewa," akasema. "Unajua hilo? Hata hakunuka pombe. Tulikuwa tumesimama pale, watu wote wananitazama mimi mwenyekiti, na lazima kitu kama kile kiwe na sababu. Basi nikasema alilewa, akasahau jiwe. Siku ya pili kila mtu alikuwa akisema. Harkaman hakuwahi kusahau jiwe maisha yake yote."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua. Mzee akanitazama akidhani nataka kumfariji, akanipiga begani akaondoka. Nami nikaufunga. Msimu mzima nilimwona mchekaji tu, kumbe anabeba mzigo wangu bila kujua ni wangu.

Agosti 10

Mvua. Kushoto nyuma: bado.

Agosti 17

Leo Pabitra amekaa kwenye usukani wa Namba Tisa humo humo bandani, anakanyaga klachi na kubadilisha gia, gari limezimwa. Saa nzima. Anahesabu kona kwa sauti ndogo: "Kulia, kulia, kushoto kali, breki..." Alipofika "breki" akakanyaga, na pedali ikazama mpaka chini, maana silinda ya gurudumu la kushoto ni mbovu na mafuta yote yamevuja.

"Bado, Norden?"

"Bado."

"Unaogopa?"

"Naogopa, shemeji."

"Hata mimi," akasema, akashuka. Nilitaka kuuliza anaogopa nini, yeye mwenye jiwe. Sikuuliza.

Agosti 23

Kushoto nyuma: bado.

Agosti 30

Kushoto nyuma: bado. Gyalbu ameandika orodha ya ukaguzi ukutani. Namba Tisa ameiandika kwa herufi kubwa kuliko zingine.

Septemba 4

Kesho. Nimelichukua jiwe nikalitia ndani ya sanduku la vifaa, nikalifungia kwa kufuli, nikavaa ufunguo shingoni. Kama ni mtu anayeliweka, kesho hataliweka. Nitafanya kazi yangu kwa vizuizi vyangu vya mbao, bila mchezo wa mtu yeyote, hai wala maiti.

Septemba 5

Atakayesoma anisamehe mwandiko.

Nimeanza asubuhi mvua ikiwa nyembamba. Nikaweka mbao mbili nyuma ya gurudumu la kulia. Nikalegeza nati za kushoto gari likiwa chini, nikapiga jeki, nikaweka kigogo chini ya ekseli, nikatoa gurudumu. Ni gurudumu alilolirudisha Gyalbu na wenzake mwaka jana, pamoja na dramu yake, baada ya kumtoa fundi, na nati mbili walizifunga kinyume. Chini ya nati moja kulikuwa na uzi wa shati la kaki. Nikaupulizia, ukaruka.

Dramu haikutaka kutoka. Boliti ya kusukumia ikazunguka bure. Adjasta za kusogezea shuu zilikuwa zimekazwa, shuu zimeuma dramu kwa ndani, na adjasta unazilegezea kwa nyuma, chini ya gari. Nikaingia. Bomba la mafuta lilikuwa njiani na kigogo kilikuwa njiani, mkono haufiki. Nikafanya kosa ambalo ningempiga kofi fundi yeyote niliyemfundisha mimi: nikakisukuma kigogo pembeni. Dakika moja tu, nilisema.

Nikazungusha adjasta. Ilikuwa ngumu, nikavuta kwa nguvu zote. Na gari likajongea.

Halikujongea kwa kelele. Nilisikia mbao zangu zikiteleza kwenye matope, sauti ndogo kama mtu anayefuta ubao darasani. Jeki ikainama. Ekseli ikaja juu ya kifua changu, nikaona mafuta yake, tone moja limening'inia, na nikajua hivi ndivyo alivyoona yeye. Sikupiga kelele. Nilimwambia, "Fundi, nisamehe," kwa sauti, kama mtu anayezungumza na mwenzake chumbani.

Gari likasimama. Likagota kwenye kitu, likatulia. Jeki imeinama lakini imeshika.

Nikasikia upande wa kulia: tin-tin.

Nikatoka sijui kwa miguu ya nani. Nikazunguka. Nyuma ya gurudumu la kulia kulikuwa na jiwe la kijivu lenye mshipa mweupe, kavu, na mpira wa tairi umelikalia. Mbao zangu zilikuwa pembeni, zimepangwa ukutani. Sanduku la vifaa lilikuwa na kufuli lake. Ufunguo ulikuwa shingoni, una joto la ngozi yangu. Nikafungua. Ndani mlikuwa na spana tu, na harufu ya maziwa.

Pabitra alikuja mbio kutoka nyumbani, hana viatu.

"Nimesikia akigonga," akasema. "Norden, u mzima?"

"Umeliweka saa ngapi?"

"Nini?"

"Jiwe, shemeji. Sanduku lilikuwa na kufuli. Niambie tu umeliweka vipi, sitakasirika, limeniokoa."

Akalitazama jiwe, akanitazama mimi. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyekosa ngazi gizani.

"Acha hivyo," akasema. "Usinifanyie hivyo leo. Wewe ndiye unayeliweka. Tangu Julai unaliweka hapo, kila nikipita nilione."

"Mimi?"

"Ili unikumbushe. Nikasema, sawa, ana haki, nitavumilia."

"Nikukumbushe nini, shemeji? Ni mimi niliyelibeba! Ni mimi niliyelitoa kwenye gari nikakuletea jikoni. Ni mimi niliyemuua."

Nilifikiri atanipiga. Alikaa chini, pale pale kwenye mafuta yaliyomwagika, akashika jiwe kwa mikono yote miwili kama mtu anayeota moto.

"Najua ulilileta. Unadhani silijui jiwe la mume wangu? Tulilichagua mimi na yeye kijitoni, nina mimba ya miezi mitano, akacheka nilivyolibeba. Ulipolitua tu juu ya jibini nikalitambua. Nikasema, nitalirudisha mimi mwenyewe alfajiri kabla hajaamka. Alfajiri nikaamka. Maji ya jibini yalikuwa bado yanatoka. Nikasema, saa moja zaidi." Akapitisha kidole kwenye mshipa mweupe. "Saa moja zaidi, Norden. Nikalala. Nikaja kuamshwa na kelele za watu."

Mvua ilikuwa imeongezeka. Nikakaa karibu naye, nami kwenye mafuta.

"Lilikwenda wapi?" nikauliza.

"Nililificha, na siku ya tatu nikalitupa korongoni. Jibini yake nikaitupa pamoja nalo. Na waliposema alilewa, nilikuwa ndani nawapikia chai wasemaji. Nikawapelekea."

"Nami nimelitupa korongoni, Julai."

Hatukuulizana tena. Kitu pekee kilichokuwa kimeshika lile gari kati yetu ni jiwe ambalo hakuna kati yetu aliyeliweka.

Kisha yeye akasema, "Simama, rudisha kigogo chake. Nitakushikia taa." Na nikaingia tena chini. Sijui kwa nini sikuogopa.

Adjasta zimelegea, dramu imetoka saa nane mchana. Ndani hamna ajabu yoyote, kutu na vumbi tu, na springi moja aliyokwisha kuitoa fundi, amening'iniza mpya mahali pake, bado hajaikaza upande wa pili. Nikaikaza.

Septemba 6

Silinda ya gurudumu ni mpya, shuu za Gyalbu zimekaa. Pabitra amekanyaga pedali nami nimetoa hewa kwenye mabomba, juu, chini, shika, achia, mpaka mapovu yakaisha. Mara ya mwisho pedali ikasimama juu, ngumu kama ngazi ya jiwe.

Septemba 8

Mvua. Jiwe halijasogea.

Septemba 12

Jiwe halijasogea.

Septemba 15

Ukaguzi. Wameipandisha Namba Tisa kwenye mteremko wa hekalu, pua juu, na kumwambia Pabitra ashike kwa pedali tu. Akashika. Gyalbu akasimama nyuma ya gari, makusudi, pale ambapo likirudi litamponda, akawasha sigara, akaivuta yote mpaka mwisho. Kisha akasema, "Imepita." Madereva wengine walianza kupiga makofi, wengine wakatazama chini.

Septemba 16

Geti limefunguliwa. Namba Tisa imepanda ya tisa. Nilisimama barabarani mpaka sauti ya injini ikaingia mawinguni. Jioni imeshuka na watalii wanne wamejaa matope na furaha.

Septemba 17

Sikukuu. Spana zimepakwa tika, jeki, usukani, jiwe. Pabitra alipolipaka jiwe, kijana mmoja wa Namba Kumi na Nne akauliza kwa kicheko, "Kumbe mmelipata? Lilikuwa limeachwa mlimani kweli?" Wengine wakacheka kidogo. Gyalbu hakucheka. Pabitra aliendelea kupaka.

Walipokwenda kula alinifuata kwenye sanduku la vifaa.

"Lile daftari lake unaliandika, nimekuona. Umeandika ya jiwe?"

"Nimeandika."

"Na mimi umeniandika?"

"Nimekuandika, shemeji. Saa moja zaidi, na chai. Naweza kuchana ukurasa huo nibaki mimi peke yangu."

Nje walikuwa wanaimba.

"Usichane," akasema. "Amelala na jina la ulevi mwaka mzima. Sisi tutaweza kulibeba letu."

Septemba 18

Leo nimeinua gari jingine, Namba Tatu, gurudumu la nyuma la kushoto. Nililiweka jiwe lake, nikaligonga mara mbili kwa spana kabla ya kuingia. Nikangoja kidogo. Hakuna aliyejibu. Hapo ndipo nilipomlilia Harkaman kwa mara ya kwanza, nimelala chali, spana ya kumi na saba mkononi.

Nimerudi kwenye ukurasa wake wa mwisho. Palipoandikwa "Kushoto nyuma:" nimeongeza, "imekwisha. Jiwe hakulisahau. Soma mbele."

Sasa nimeosha mikono, na daftari naliangika kwenye msumari wake pale mlangoni, mahali pa madereva wote. Gyalbu huja kila asubuhi kutazama gari lake limefanywa nini. Anasoma polepole, anafuata mstari kwa kidole, lakini anasoma kila kitu.